Mtungi wa gesi kukaa uvunguni mwa kitanda
Dada yangu, umeuliza kama mtungi wa kilo 6 unaweza kukaa uvunguni, kwa kuwa hapo Mbagala umepanga chumba kimoja. Hapana, tafadhali utoe leo hii. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kutafuta dirisha, inatambaa sakafuni na kujikusanya hukohuko mnapolala, na cheche moja inatosha. Uweke karibu na mlango, usimame wima, mbali na jiko la mkaa. Hata kwenye bodaboda usikubali ulazwe.

Kila ukibadilisha mtungi, koroga povu la sabuni ya unga, upake kwenye regyuleta, kile kifaa kinachofungwa juu ya mtungi, na mpira wote wa gesi, uone kama inavuja. Mimi mwezi uliopita niliona vipovu vinatutumka pale mpira unapoungana na jiko; klipu ilikuwa imelegea, na harufu nilikuwa sijaisikia kabisa. Usipime kwa kiberiti, nakusihi.

Ukisikia harufu usiku, usiwashe wala kuzima taa, hata feni iache ilivyo. Funga mtungi, fungua mlango, toka na watoto. Na kila ukimaliza kupika funga mtungini, siyo kwenye jiko tu.