Kusoma Nyufa za Mwamba Chini ya Ardhi

Kwa miaka mingi nimekagua kuta na dari za migodi ya chini ya ardhi katika Kanda ya Ziwa, na ushauri ninaompa kila fundi kijana ni huu: akikuta ufa, aandike kwanza uelekeo wake, ndipo apime upana na urefu. Upana humweleza mwamba umekwisha kuachia kiasi gani. Uelekeo humweleza ni nguvu zipi zilizoufungua ufa huo na utaendelea kuelekea wapi.

Wengi huamini kwamba mwamba hupasuka kwa kulemewa na uzito ulio juu yake. Uzito huo upo kweli, kwani mkazo wa wima, yaani nguvu inayobeba kila eneo la mwamba, huongezeka kwa takriban megapaskali 2.7 (megapaskali moja ni karibu mara kumi ya shinikizo la hewa) kwa kila mita 100 za kina. Hata hivyo, graniti nzima huweza kuhimili mgandamizo wa megapaskali 100 hadi zaidi ya 200, ilhali ikivutwa hukatika kwa takriban sehemu moja ya kumi ya kiasi hicho. Ndiyo maana hata katika mwamba unaobanwa, ufa huanzia pale ambapo mvuto umepata nafasi. Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith, akichunguza kioo, alieleza kwamba kasoro ndogo zilizomo ndani ya kitu hukusanya mkazo kwenye ncha zake. Nao mwamba haukosi kasoro, kwa kuwa umejaa mipaka ya chembe, vitundu na nyufa za kale.

Sehemu ngumu zaidi kuielewa, na yenye manufaa zaidi kwa mchimbaji, ni pale nguvu za aina mbili zinapokutana. Fikiria ufa wa zamani uliolala mshazari ndani ya mwamba unaobanwa kutoka juu. Mgandamizo unazibana kuta zake mbili, lakini kwa sababu ya mshazari huo unazisukuma pia ziteleze, moja ikiipita nyingine. Msuguano huzuia kwa muda. Ukishindwa, kila ncha ya ufa huvutwa upande mmoja, na hapo huchipuka ufa mpya unaopinda polepole mpaka uwe sambamba na mgandamizo mkubwa. Kama mwamba umeshikwa vizuri pembeni, ufa huo mpya husimama baada ya mwendo mfupi. Tunapochimba njia tunauondoa mshiko huo wa pembeni, na nyufa zilizokuwa zimetulia hurefuka, hukutana, na kuumenya ukuta katika vipande bapa.

Mfano ninaoupenda kuueleza unatoka Manitoba, Kanada, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walichimba handaki lenye kipenyo cha mita 3.5 ndani ya graniti, katika kina cha mita 420, bila kutumia baruti. Mkazo mkubwa wa eneo hilo ulikaribia kuwa wa ulalo, hivyo dari na sakafu ndizo zilizomeguka mpaka zikafanya mifereji yenye umbo la herufi V. Umegukaji huo ulianza kwa mkazo wa takriban nusu tu ya nguvu ya kuhimili mgandamizo iliyopimwa maabara kwa sampuli za graniti hiyo hiyo. Kwa hiyo, anayeletewa cheti cha maabara chenye namba kubwa asiichukue namba hiyo kuwa ndiyo nguvu ya ukuta wa mgodi wake.

Nguzo za mwamba zinazoachwa bila kuchimbwa ili kushikilia dari katika mkanda wa dhahabu ulioinama zinahitaji uangalifu zaidi. Nguzo ya namna hiyo hubanwa na wakati huo huo husukumwa kuteleza, kwa hiyo hubeba mzigo mdogo kuliko nguzo iliyosimama wima yenye vipimo sawa. Nyufa zinazofuata ukuta wa nguzo na kumenya ngozi yake zinatisha, lakini mara nyingi kiini bado ni kizima. Mimi huhofia zaidi safu ya nyufa fupi za mshazari zinazofuatana kutoka kona ya juu kuelekea kona ya chini ya upande wa pili, kwa sababu zikiungana, nguzo nzima itakatika kwa mkupuo.

Maji yasidharauliwe. Shinikizo lake hupunguza msuguano kati ya kuta za ufa, na katika miamba yenye silika maji hudhoofisha vifungo vya madini kwenye ncha, hata ufa usonge taratibu chini ya mkazo ambao mwamba mkavu ungeuvumilia. Baruti nayo hufungua nyufa kwa wimbi la mshtuko, kisha gesi huzipanua. Kwa hiyo mashimo ya ukingoni mwa njia yapakiwe baruti kidogo.

Kwa ufuatiliaji, pigilia misumari mitatu, miwili upande mmoja wa ufa na mmoja upande wa pili, kisha pima umbali kutoka huo mmoja hadi kila mmoja wa wale wawili. Kwa vipimo hivyo viwili utajua kama ufa unafunguka, unateleza, au unafanya yote mawili, jambo ambalo kipimo kimoja cha upana hakiwezi kukuonyesha. Vipimo vichukuliwe kila zamu na baada ya kila ulipuaji, na vikianza kuongezeka kwa kasi, watu watolewe kwanza. Sababu itatafutwa wakiwa nje.