Kabla hujamnukuu mtaalamu, uliza mtoto anakula kwa nani

Vijana wa staji wanaokuja kwetu Lubumbashi, mji wa Katanga nchini Kongo, kujifunza kazi ya ustawi wa watoto huniuliza wasome vitabu gani. Wanatoka chuoni na majina ya wataalamu kichwani, na kesho yake wanakabidhiwa dosie, yaani jalada, ya mtoto aliyekutwa amelala karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini. Mimi huwaambia: someni sana, hata vile vizito, lakini kila kitabu mkiulize kwanza kiliandikwa kikiwaangalia watu wa nyumba gani. Mwandishi alipoandika "familia", ni akina nani waliokuwa mbele ya macho yake? Swali hilo likishajibiwa, kitabu kinakuwa msaada mkubwa. Lisipojibiwa, mtoto wa mtaa wetu wa Katuba anapimwa kwa nguo iliyoshonewa mtoto mwingine.

Tuanze na John Bowlby, maana wengi huanza naye. Mwaka 1951 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake juu ya malezi ya mama na afya ya akili ya mtoto. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imewaacha watoto wengi bila makao, naye akazungumza na waliowatunza Ufaransa, Uholanzi, Sweden, Uswisi, Uingereza na Marekani. Alilosema lina uzito hadi leo: mtoto mdogo anahitaji mtu wa karibu, wa kudumu, anayefurahi kuwa naye, na akimkosa huyo, chakula na kitanda safi havitoshi. Nimeliona hilo katika vituo vyetu, kwa watoto walionenepa vizuri ambao hukimbilia kumkumbatia mgeni yeyote anayeingia getini. Sasa rudieni ile orodha ya nchi. Ndizo nyumba alizoziangalia. Na Bowlby mwenyewe aliandika "mama, au mtu anayeshika nafasi ya mama kwa kudumu". Huko madarasani mara nyingi hubaki mama peke yake. Kwa hiyo stajeri akijaza "mama: amefariki" halafu akaanza kutafuta nafasi kituoni, namwomba arudi akae na mtoto tena.

Nawapa mfano mmoja, na nimebadilisha mambo machache ili mtoto asitambulike. Alikuwa mvulana wa miaka kama tisa. Kwenye fomu: baba, yuko Kolwezi, anachimba, mama, amekufa, mlezi, hakuna. Nilimuuliza, "Homa ikikushika usiku, unamwamsha nani?" Akajibu bila kufikiri, "Kambo wa makaa," yaani bibi wa makaa. Tulimkuta huyo kambo, dada mkubwa wa bibi yake mzaa mama, akiuza makaa kwa mafungu mbele ya parseli, yaani kiwanja chake. Ndani, juu ya meza, palikuwa na sahani ya bukari na sombe (ugali na kisamvu) iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Alikuwa akimwekea mtoto chakula kila jioni tangu alipopotea, na asubuhi anakigawa kwa wengine. Nilipomwambia kwamba mtoto yupo na ni mzima, alikaa chini kwanza, ndipo akauliza amevaa nini. Kisha akasema hawezi kuamua peke yake, lazima mjomba wa mtoto, aliyeko mtaa wa Ruashi, aitwe. Fomu yetu haikuwa na mstari wa kambo wala wa mjomba. Siku hizi tunaandika pembeni kwa kalamu, na nawasihi nanyi mfanye hivyo hivyo.

Aliyenifundisha kuitazama ile sahani ni Esther Goody, mtaalamu wa mila na jamii, katika kitabu chake cha mwaka 1982 juu ya malezi Afrika Magharibi. Kwa Wagonja wa kaskazini mwa Ghana alikuta watoto wengi wanalelewa na jamaa bila msiba wowote kutokea: mvulana anapelekwa kwa mjomba, msichana kwa shangazi, kwa sababu jamaa hao wana haki na wajibu juu yao. Mtoto aliyehama nyumba hakuwa ametupwa. Ghana si Katanga, msinielewe vibaya. Lakini ukishasoma hapo huwezi tena kumwita mtoto "ametelekezwa" kwa kuwa tu amelala nyumba tatu katika mwaka mmoja. Utauliza nani alimpeleka, kwa makubaliano gani, na nani anajua yuko wapi.

Kitabu kinachotajwa sana katika semina ni kile cha Nelson, Fox na Zeanah, cha mwaka 2014, juu ya watoto wa Romania. Utawala wa Ceaușescu ulipoanguka mwishoni mwa 1989, dunia iliona makao ya serikali yaliyojaa watoto. Mwaka 2000 watafiti hawa wa Marekani walianza kuwafuatilia watoto 136 wa Bucharest, wote chini ya miaka mitatu. Kwa kura, nusu walipelekwa kulelewa katika familia, na nusu wakaendelea na matunzo ya kawaida. Waliokwenda kwenye familia walipata nafuu katika lugha, akili na mapenzi kwa walezi wao, hasa waliotoka makaoni kabla ya kutimiza miaka miwili au karibu na hapo.

Hapo ndipo wengi hufunga kitabu, na ndipo ninapowaomba msikifunge. Zisomeni kurasa zinazoeleza zile familia zilipatikanaje. Zilichaguliwa, zikalipwa kila mwezi, na wafanyakazi wa jamii walizitembelea na kuzisaidia mtoto aliposumbua. Kwetu hapa nimeona mama mjane akikabidhiwa watoto wawili pamoja na mfuko wa unga na godoro, picha zikapigwa, na baada ya hapo hakuna aliyerudi kubisha hodi. Watoto wakitoroka, mama analaumiwa. Ule utafiti haukupima malezi ya namna hiyo, na anayeutaja kuyatetea anawaonea watoto na mama yule pia. Ukiandika ombi la fedha, andika posho ya familia na nauli ya mfanyakazi wa jamii kabla ya kitu kingine chochote.

Na nikisema posho, tumefika nyumbani. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alitoa mwaka 2001 kitabu kwa Kifaransa juu ya familia ya mfanyakazi wa Katanga kuanzia 1910 hadi 1997, na katika kichwa chake anazungumza juu ya watoto wa Shaba, jina la zamani la Katanga, walioachwa na baba yao. Kwa kazi yetu ningekiweka mbele ya vingine vyote. Wafanyakazi wa kwanza wa Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi za Wabelgiji, walikuja kwa mikataba mifupi, bila wake zao. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikabadili mkondo: nyumba za kambini kwa mume, mke na watoto, posho kulingana na idadi ya watu nyumbani, shule, hospitali, kupima uzito wa watoto wachanga. Hiyo ilikuwa sera ya familia, tena kali, iliyotungwa na kampuni ya shaba kwa faida yake. Baba aliheshimiwa kwa sababu posho ilipita kwa jina lake. Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi hiyo, ilipoporomoka katika miaka ya 1990, mshahara ukakosekana miezi na miezi, mama na watoto ndio wakaanza kuilisha nyumba. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini kwa mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia. Baadhi ya watoto tunaowapokea leo ni wajukuu wao. Baba anayenyamaza katika mahojiano, akiangalia chini mkewe anapotaja bei ya unga, utamwelewa zaidi ukishasoma Dibwe.

Someni pia historia ya machotara, hata kama inaumiza. Chini ya ukoloni wa Ubelgiji, watoto wa mama Mkongo na baba mzungu waliondolewa kwa mama zao na maofisa, kwa karatasi zenye muhuri, wakawekwa kwenye misheni. Wanawake watano waliopelekwa Katende, Kasai, wakiwa hawajafika miaka saba, waliishtaki serikali ya Ubelgiji, na tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Brussels iliamua kwamba hiyo ilikuwa jinai dhidi ya ubinadamu. Waliowachukua walijiona wanawalinda. Nami ninayesaini karatasi za kumtoa mtoto nyumbani nalikumbuka hilo kila ninaposhika kalamu.

Sheria za Kongo nitazitaja haraka: Sheria ya Ulinzi wa Mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, na Kanuni ya Familia ya 1987 iliyorekebishwa 2016. Mnapaswa kuwa nazo mezani. Ongezeni Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 juu ya matunzo mbadala, inayosema kwamba umaskini peke yake usiwe kamwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake. Nimeitumia mbele ya wakubwa waliokuwa na haraka, na imewatuliza.

Vitabu hivi ni ghali, na vingine havipatikani madukani kwetu, kwa hiyo mtaomba maktaba, mtaazimana, mtapiga fotokopi. Fedha zikitosha sura moja tu, msichague hitimisho. Chagueni ile inayoeleza watafiti walikwenda wapi, waliongea na nani, na kwa muda gani. Halafu msome wawili wawili, dosie moja ikiwa wazi mezani, na kila baada ya kurasa chache mmoja aulize: huyu mtoto wetu angeingia katika utafiti huu?