Kabla hujapeleka madawati, lipa vibarua

Kijana mmoja, mkandarasi wa daraja la saba huko Nachingwea, ameniandikia: "Kaka, nimepata kazi yangu ya kwanza ya halmashauri. Nitoe madawati mangapi kijijini?" Nimemjibu kwa kirefu, na kwa kuwa wengi wenu mnawinda kazi hizihizi, jibu nalileta hapa.

Wenzetu wa madini wamebanwa na sheria tangu marekebisho ya mwaka 2017: kila mwaka wanaandaa mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Sisi wa ujenzi tumeachiwa zaidi hiari yetu, ndiyo maana wengi huishia kwenye jezi na picha na mkuu wa wilaya. (Ofisi moja iliwahi kunipa orodha ya michango kabla hata haijanikabidhi saiti. Nililipa, na bado inaniuma.)

Mwaka 2024 nilikuwa najenga madarasa upande wa Newala. Mnaijua nchi ya Wamakonde ilivyo: juu watu, maji mabondeni. Maji ya zege tuliyafuata kwa boza. Tangu mwanzo nikaweka utaratibu kwamba boza likifika, kinamama wajaze ndoo zao kwanza, ndipo tumwage kwenye simtanki letu. Msimamizi wangu alinuna, akisema nachelewesha kazi. Vibarua walikuwa wa palepale, na Jumamosi kabla ya saa nane mchana kila mmoja alisaini daftari na kupokea chake mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Mchanga tulinunua kwa vijana wa pale, hata tajiri mmoja wa mjini alipotuletea bei ya chini.

Mkandarasi mwenzangu, siku moja tukiwa Masasi, alinicheka mbele za watu. "Wewe umefungua kampuni au kituo cha yatima?" Watu wakacheka sana. Sijasahau.

Mei ikaja na kimbunga Hidaya. Barabara ya Dar es Salaam ikakatika maeneo ya Somanga, Kilwa. Saruji haikunisumbua, kiwanda kiko hapahapa Mtwara, lakini nondo za linta (boriti ya juu ya milango na madirisha) na mabati yangu vilibaki ng'ambo ya maji. Na hati yangu ya malipo ilikuwa imelala mezani kwa mtu.

Hapo ndipo nilipojua nina nini. Mama lishe aliendelea kuwapikia mafundi kwa daftari. Vijana wa mchanga walipokezana kulala saiti, na asubuhi nilikuta wameinua mifuko ya saruji juu ya mbao ili isinyonye unyevu, wala hakuna aliyewatuma. Mirunda haikupungua hata mmoja. Yule aliyenicheka alikuwa na saiti tarafa ya jirani. Jezi alitoa, picha alipiga, ila vibarua alikuwa anawadai subira tangu mwezi uliopita. Dizeli ikanyonywa usiku, mbao zikafuata, na barabara ilipofunguka hakuwa na mtu wa kuanza naye kazi. Mimi zege la linta lilimwagwa siku ileile nondo zilipofika.

Ndugu zangu, tuwe wakweli. Wema hauleti dhamana ya benki, na mwajiri akikalia hati yako mwaka mzima, kijiji hakitakulipia mkopo. Kinachokupa ni wiki kadhaa za kupumua, na makampuni yetu madogo mengi hufa ndani ya wiki hizo. Waliokuwepo Mtwara Mei 2013, watu walipopinga bomba la gesi, wanajua mradi unaowapita watu mlangoni bila kuwaachia kitu unavyozaa hasira. Darasa la kijijini nalo ni mradi. Lipa watu kwa wakati. Nunua kwao. Lipa kwa wakati, narudia, maana najua mtarukia madawati.

Gharama za boza na mlinzi wa kijijini ziingize kwenye bei tangu unapojaza zabuni, usizitoe kwenye faida halafu ukaanza kulalamika. Na ukiona Oktoba saiti imebaki nyeupe, usimfokee mtu: wako kwenye korosho. Zege kubwa lipangie Agosti, au kaa na mwenyekiti mapema mkubaliane nani atabaki na kwa posho gani.