Kificho alikuwa Spika wa wapi hasa?

SWALI: Asalaam aleikum mhariri. Mie nipo Tanga, tulikuwa kijiweni tunabishana kuhusu mzee Pandu Ameir Kificho. Mmoja anasema alikuwa Spika Zanzibar, mwingine anaapa alimuona kwenye TV kakalia kiti kule Dodoma. Nani mkweli? Na hivi Spika lazima awe na jimbo?
Msomaji, Tanga

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yetu. Wote wawili wana haki yao. Kificho alikuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi, yaani bunge la Zanzibar, kuanzia 1995, kama miaka 20 mtu mmoja. Dodoma alikuwepo kweli ila sio kama Spika wa Bunge, ilikuwa Februari 2014 Bunge Maalum la Katiba, lile la kujadili katiba mpya ya Tanzania, lilipoanza, wajumbe wakamchagua Mwenyekiti wa Muda awasimamie kutunga kanuni, mpaka Machi walipompata Mwenyekiti kamili, Samuel Sitta. Na kazi ile sio ndogo, watu zaidi ya 600 ukumbi mmoja, hawajaelewana kura ipigwe ya siri au ya wazi, na wengine wanalalamika posho ya shilingi 300,000 kwa siku haitoshi, yote hayo yakawa yanamuangukia yeye.

Jimbo sio lazima. Katiba ya Zanzibar inaruhusu Spika achaguliwe miongoni mwa wajumbe au mtu wa nje mwenye sifa za kuwa mjumbe, anachokatazwa ni kuwa waziri. Spika wa kwanza wa Baraza, mwaka 1980, alikuwa Idris Abdul Wakil, na 1985 akawa Rais wa Zanzibar kabisa, kwa hiyo kile kiti msikione kidogo.

Sasa niseme na langu, mana watu wakimtaja Kificho wanaishia kuhesabu miaka tu. Mie naona cha kuangalia ni nani alikuwemo ukumbini na nani hakuwemo. Uchaguzi wa 1995 chama tawala CCM walipata viti 26 na wapinzani CUF 24, CUF wakasema wameibiwa, wakasusia vikao, yaani Spika mpya anaanza kazi karibu nusu ya wajumbe wa majimbo hawapo! Mule ndani mjumbe hamjibu mwenzake moja kwa moja, kila neno linapitia kwa "Mheshimiwa Spika", sasa upinzani usipokuwepo huyo Mheshimiwa Spika anapokea maneno ya upande mmoja asubuhi mpaka jioni. Muafaka wa 1999, yale makubaliano ya CCM na CUF, ukaja, uchaguzi wa 2000 ukaharibu tena, wajumbe wa CUF wakasusia tena, safari hii wakapoteza viti kwa kutohudhuria na ndo ukaja ule uchaguzi mdogo wa Pemba Mei 2003. Kanuni ilifuatwa sawa, lakini kwangu mimi mwananchi wa Pemba aliumia mara mbili, kura yake ya kwanza anaona haikuheshimiwa halafu na mwakilishi wake naye katolewa.

Ndo mana nasema Januari 2010 ni siku kubwa kuliko zote za uspika wake. Rais wa Zanzibar Amani Karume na kiongozi wa CUF Maalim Seif walishakutana Ikulu Novemba 2009, ila maneno ya Ikulu bila Baraza hayawi sheria. Hoja ya serikali ya umoja wa kitaifa ikaletwa na kiongozi wa upinzani mwenyewe, Abubakar Khamis Bakary, na CCM wakaiunga mkono, kwenye Baraza lilelile na chini ya Spika yuleyule aliyekuwa anaongoza viti vitupu. Julai 31 wananchi wakapiga kura ya maoni, asilimia 66.4 wakasema ndiyo, Baraza likabadilisha Katiba na baada ya uchaguzi mawaziri wa CUF na CCM wakakaa pamoja upande wa serikali. Sifa zote sio zake, hoja haikuwa yake, lakini kuwapa watu waliotoka kuzikana nafasi ya kusema mpaka wamalize ni kazi ya Spika na aliifanya.

Uchaguzi wa 2015 ukafutwa, wa marudio Machi 2016 CUF wakaususia, na kiti akakikalia Zubeir Ali Maulid. Ukibahatika kupata hansadi, yaani kumbukumbu ya maneno yaliyosemwa barazani, ya ile Januari 2010 waisomee wenzako hapo kijiweni, mubishane vizuri.