Kikosi cha kindi kwenye Magic: kizoee kwanza, ndipo ukibadilishe

Bloomburrow ilitoka tarehe 2 Agosti 2024, na tangu hapo wachezaji wa Magic: The Gathering, mchezo wa kadi wa kupambana, wana seti nzima ya wanyama watupu: sungura, popo, vyura, mijusi, ndege, fisi-maji, rakuni, panya wa aina mbili na kindi. Kila kundi lina rangi zake mbili na tabia yake. Pamoja na seti hiyo vilitoka vikosi vinne vya Commander, namna ya kucheza ambapo kikosi kinaongozwa na kiumbe mmoja anayeitwa kamanda, kila kimoja kadi 100 tayari kwa kuchezwa. Makala hii ni ya kimoja tu, Squirreled Away, kikosi cha kindi cha rangi nyeusi na kijani, kamanda wake Hazel of the Rootbloom.

Nakipendekeza kwa mtu wa Dodoma anayeanza Commander kwa sababu nguvu yake haitegemei kadi moja ya bei kubwa. Inategemea tokeni, yaani viumbe na vitu ambavyo si kadi za kwenye rundo lako bali vinazalishwa mchezo ukiendelea. Ukiwa na utaratibu mzuri wa kuzihesabu, umeshamaliza nusu ya kazi.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: usitoe kadi hata moja mpaka umekicheza kama kilivyo michezo mitano au sita. Watu wengi hufungua boksi leo, kesho wameshabadilisha kadi ishirini kwa sababu ya video fulani. Kikosi kikianguka hawajui kama tatizo ni kadi za zamani, kadi mpya au wao wenyewe. Na kwa kikosi hiki, mara nyingi tatizo ni kwamba Hazel hajasomwa vizuri.

Msome Hazel neno kwa neno

Hazel anagharimu mana nne (mana ni nguvu unayolipia kadi, na kwa kawaida hutoka kwenye kadi za ardhi): moja nyeusi, moja ya kijani na mbili za rangi yoyote. Ana uwezo wa aina mbili.

Wa kwanza: unamlaza Hazel (unageuza kadi yake ubavu kuonyesha imetumika), unalipa uhai 2, unalaza tokeni kadhaa zilizosimama, na kila tokeni uliyoilaza inakupa mana moja. Hazel mwenyewe lazima awe uwanjani tangu zamu yako ilipoanza. Tokeni si lazima. Alama ya kulaza ni ya Hazel, tokeni ni gharama tu, kwa hiyo kindi aliyezaliwa dakika hii anaweza kulazwa dakika hii hii. Ukishusha Deep Forest Hermit kwa mana tano, anakuja na kindi wanne, na kama Hazel alikuwepo tayari, hao wanne wanakurudishia mana nne papo hapo. Wanaoanza wengi wanaidhani hiyo ni kosa la sheria, wanaiacha.

Na si kindi peke yao. Tokeni ya Chakula inalazwa. Tokeni ya Hazina pia inalazwa, na hapo unapata mana bila kuitoa kafara, zamu ijayo bado unayo. Angalia tu jambo moja: Chakula kilichokwisha kulazwa huwezi kukila ili kuongeza uhai, kwa kuwa kukila nako kunataka kukilaza. Lakini kadi inayokudai utoe Chakula kafara inakikubali hata kikiwa kimelala. Ndiyo maana Chakula kimoja kinaweza kukupa mana kupitia Hazel kisha kikatolewa kafara kwa kadi nyingine, yote ndani ya zamu moja.

Tatizo linakuja hapa. Kindi uliowalaza kwenye zamu yako hawasimami mpaka zamu yako ijayo. Meza ya Commander huwa na watu wanne, kwa hiyo wapinzani watatu watacheza wakati jeshi lako lote limelala na hakuna wa kuzuia. Ukimwona mtu ana kindi tisa na bado anapigwa uhai 15 kwa mzunguko mmoja, chanzo mara nyingi ni hicho. Kabla ya kulaza, hesabu mana unayoihitaji kweli, halafu laza kiasi hicho hicho.

Uwezo wa pili ndio unaokipa kikosi maisha. Hatua ya mwisho wa zamu yako inapoanza, unachagua tokeni yako moja na kutengeneza nakala yake. Kama ni kindi, nakala ni mbili. Nakala huingia zikiwa zimesimama hata kama ile uliyoichagua imelala, kwa hiyo hao wapya ndio walinzi wako mpaka zamu irudi.

Kwa kuwa uwezo huu unafanya kazi hata zamu ile ile Hazel aliyoshuka, kumshusha uwanja ukiwa mtupu ni kupoteza. Ukiwa na kindi mmoja tayari, unamaliza zamu na watatu, ijayo watano, inayofuata saba, bila kutumia kadi nyingine. Na kwa kuwa tokeni inachaguliwa kwanza, mpinzani anaweza kuiua kabla nakala haijatoka, ukakosa zote mbili. Mbele ya mpinzani mwenye mana iliyobaki, chagua kindi wa kawaida aliye kati ya wengi, siyo tokeni yako ya thamani pekee.

Ukishafika kindi kumi, wawili zaidi hawabadilishi kitu. Hapo geuka unakili Hazina, au tokeni ya kiumbe mwenye kazi. Tender Wildguide ni mfano mzuri: unamshusha kwa mana mbili, unaongeza mbili za uzao, unapata na mtoto wake ambaye ni tokeni 1/1 (nguvu 1 ya kupiga, 1 ya kuhimili) yenye uwezo ule ule wa kutoa mana ya rangi yoyote. Si kindi, kwa hiyo nakala ni moja tu kila zamu, lakini kila nakala ni chanzo kipya cha mana. Alama za +1/+1 hazinakiliwi.

Chatterfang, Squirrel General anaongeza kindi mmoja kwa kila tokeni inayozaliwa upande wako. Akiwepo, nakala mbili za kindi zinakuwa wanne, na nakala ya Chakula inakuja na kindi wake. Mezani ndiye wa kwanza kulengwa, kwa hiyo usimshushe zamu ambayo huna cha kuzalisha.

Kama huna kadi halisi

Kuagiza kutoka nje kunachukua muda na gharama, na kikosi unachokisikia tu si lazima ukinunue kabla ya kukijaribu. Kwa michezo ya marafiki, printi kadi za majaribio. Usiziuze, usiende nazo kwenye mashindano rasmi.

Kadi ina upana wa milimita 63 na urefu wa 88. Karatasi moja ya A4 inabeba tisa, tatu kwa tatu, kwa hiyo kadi 100 zinataka karatasi 12. Ukifika steshenari, mwambie anayeprinti aweke ukubwa wa asilimia 100 na asiruhusu kompyuta ijaze ukurasa yenyewe, maana hapo kadi zinabadilika ukubwa na zinapwaya au zinagoma kuingia. Chukua rula, pima kadi moja kwenye karatasi ya kwanza kabla ya kuruhusu zilizobaki.

Karatasi peke yake ni laini mno kuchanga. Nunua pakiti mbili za karata za kawaida, ambazo ni karata 104, utumie mia moja kama mgongo. Kila kifuko cha plastiki kinapokea karata nyuma na karatasi uliyokata mbele. Vifuko viwe vya milimita 66 kwa 91. Pima karata kabla hujalipa: zipo nyembamba za milimita 57, hizo zinateleza ndani na ukichanga unazihisi kwa kidole.

Na vifuko viwe vya aina moja, vya rangi moja, vilivyoanza kutumika siku moja. Vumbi la Dodoma miezi ya kiangazi linakwaruza plastiki. Kifuko kimoja chenye mkwaruzo kinatambulika mgongoni, na mpinzani ana haki ya kulalamika. Ukichezea nje, tuseme kwenye meza za Nyerere Square au vivuli vya UDOM, tandika kitambaa kizito na uweke boksi juu ya rundo, upepo hauna huruma. Kadi zinazong'aa hupinda hewa ikibadilika ukavu, kwa hiyo zihifadhi zimebanwa ndani ya boksi, mbali na dirisha na paa la bati.

Mwenye simu nzuri anaweza kujifunza tabia ya kindi kwenye MTG Arena, programu ya kuchezea Magic, bila kununua kadi. Mezani huko ni watu wawili, siyo wanne, lakini kindi Camellia, the Seedmiser yupo na anafundisha vizuri biashara ya Chakula na makaburi, yaani rundo la kadi zako zilizokwisha tumika au kufa. Pakua kwa Wi-Fi, siyo kwa bando.

Tokeni: vizibo vya soda

Hapa ndipo michezo mingi ya kindi inapovurugika. Mbegu za ubuyu ni nzuri kuhesabia, lakini mbegu haionyeshi kama imesimama au imelala. Vizibo vya soda vinaonyesha: kikiangalia juu kindi amesimama, ukikigeuza amelala. Kusanya thelathini vya kinywaji kimoja kwa ajili ya kindi, na vichache vya rangi nyingine kwa Chakula na Hazina. Waliozaliwa zamu hii waweke safu ya nyuma, kwa sababu hawawezi kushambulia bado. Zamu yako ikianza, wasogeze mbele wote na uvigeuze vilivyolala. Wakizidi thelathini, andika idadi mbili kwenye karatasi, ya waliosimama na ya waliolala, na utaje idadi kwa sauti kila inapobadilika.

Mkono wa kuanzia

Kwa kadi za ardhi 37 kati ya 100, mkono wa kadi saba huwa na wastani wa ardhi 2.6, na kufika zamu ya nne umeona kadi 11, wastani wa ardhi 4. Baki na mkono wenye ardhi tatu au nne na angalau kadi moja inayozalisha tokeni kwa mana tatu au pungufu. Ardhi mbili na Sol Ring, kadi ya bei ndogo inayotoa mana, nakubali. Ardhi mbili na matumaini, hapana. Kwenye meza ya watu wengi mara ya kwanza kuomba mkono mpya ni bure, itumie.

Squirrel Nest, inayopachikwa kwenye ardhi ili ardhi hiyo ikilazwa izae kindi, ni kadi nzuri ya zamu ya tatu, lakini kumbuka ardhi hiyo haitoi mana na kindi kwa pamoja. Ilaze kwa ajili ya kindi pale tu inapobaki bila kazi, mwishoni mwa zamu ya mpinzani anayekutangulia.

Jinsi kindi wanavyokufa, na jinsi wanavyoshinda

Kikosi hiki kina adui mmoja mkubwa: kadi inayofagia uwanja wote. Usimwage kila kitu. Ukiwa na kindi saba hadi kumi unatisha vya kutosha, kadi zilizobaki mkononi ndizo za kujengea upya. Kindi akirudishwa mkononi hapotei kwa muda, anatoweka kabisa. Naye Hazel akiuawa na kurudi eneo la kamanda, kumshusha tena kunaongezeka mana mbili kila mara: sita, kisha nane. Akishakufa mara ya pili, panga kushinda bila yeye.

Kinga bora ni Zulaport Cutthroat au Bastion of Remembrance. Kila kiumbe chako kinapokufa, kila mpinzani anapoteza uhai 1 na wewe unapata 1. Ukiwa na kindi kumi na mbili na mtu akafagia uwanja, wapinzani wote watatu wanapoteza 12 kwa mpigo, na Cutthroat anayekufa pamoja nao naye anahesabu kifo chake na cha wenzake. Kadi hizo zikionekana mezani, watu husita kufagia, na kusita huko kunakupa zamu mbili za bure.

Ushindi wa moja kwa moja hutoka kwa Beastmaster Ascension. Kila kiumbe kinachoshambulia kinaongeza alama moja, na zikifika saba viumbe vyako vyote vinapata +5/+5. Shambulia na kindi saba kwa pamoja: alama zinajaa kabla ya mapigo, kila mmoja anakuwa 6/6, jumla 42. Uhai wa kuanzia ni 40. Ishushe zamu ile ile unayoshambulia. Ukiiacha mezani mzunguko mzima itavunjwa.

Baada ya michezo hiyo mitano au sita, angalia ulichobaki nacho mkononi kila uliposhindwa. Kama ni kadi za mana sita na kuendelea, punguza mbili, ongeza za mana mbili. Kama ulikuwa na kindi wengi lakini huna kadi mkononi, Toski, Bearer of Secrets anakuchotea kadi kwa kila kiumbe chako kinachomgusa mpinzani kwenye shambulio. Kama wapinzani walizuia kindi wako kirahisi, Camellia anawafanya kindi wengine wasiweze kuzuiwa na kiumbe mmoja peke yake. Badilisha kadi tatu kwa wakati, ucheze tena, uandike pembeni kila iliyokaa mkononi bila kutumika.