Wasomaji Wauliza: Nani Mwenye Shule Yetu, na Pesa Zake Ziko Wapi?

Barua za safari hii zimetoka Kizingitini, Matondoni, Witu, Siyu na Hindi, katika Kaunti ya Lamu, Kenya. Zote zahusu shule za umma zenye wanafunzi wachache, na tumezijibu kwa urefu usiolingana kwa sababu uzito wake pia haulingani.

Shule yetu ina watoto 96, gredi ya 1 hadi ya 6. Twaambiwa elimu ni bure, lakini kila muhula twaombwa shilingi 500 za mlinzi na maji, na mtoto asiyeleta hurudishwa nyumbani. Pesa za serikali zaenda wapi? (Mzazi, Kizingitini)

Mama, tuanze na hesabu, kwa sababu hapo ndipo uchungu ulipo. Serikali Kuu hutenga shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi. Watoto 96 ni shilingi 136,320. Mgao huo, ambao walimu huuita kapitesheni, hupangwa uje kwa mafungu matatu: nusu muhula wa kwanza, asilimia 30 muhula wa pili, asilimia 20 muhula wa tatu. Kwa shule yenu ni 68,160, kisha 40,896, kisha 27,264. Ukigawa jumla kwa miezi 12, shule yaendeshwa kwa shilingi 11,360 kwa mwezi, na hapo ni pale mgao unapofika kamili na kwa wakati.

Sasa tuseme mlinzi analipwa 6,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 72,000, zaidi ya nusu ya pesa zote. Shule ya watoto 600 hupata 852,000, na mlinzi wake ni yule yule mmoja, lango ni lile lile moja. Huu ndio ugonjwa wa shule ndogo: pesa zahesabiwa kwa vichwa, lakini gharama nyingi hazihesabiwi kwa vichwa. Visiwani kuna nyongeza ya nauli ya boti kila mwalimu mkuu anapofuata ofisi au benki Amu (mji wa Lamu), na mfuko wa saruji unaofika Kizingitini umeshapakiwa na kupakuliwa mara kadhaa kabla ya kugusa ukuta. Hesabu ya mgao haijui bahari.

Kwa hivyo mwalimu mkuu anaposema pesa hazitoshi, huenda asema kweli. Lakini ukweli huo haumpi ruhusa ya kumtoa mtoto darasani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, yakataza karo ya masomo katika shule ya umma. Michango mingine yaruhusiwa kwa idhini ya Waziri wa Elimu baada ya kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, na hata ikiidhinishwa, mtoto hafukuzwi kwa kukosa kulipa. Sheria hiyo hiyo yadai risiti rasmi kwa kila mchango. Mchango usio na risiti usiutoe, hata kama ni shilingi 50.

La kufanya: wazazi watatu au wanne waende pamoja, waombe kwa adabu kuona kumbukumbu za mkutano uliopitisha hizo 500 na barua ya idhini. Waulize pia ubao wa matangazo. Tangu elimu ya msingi bila malipo ianze 2003, shule zilielekezwa kubandika hadharani pesa zilizopokewa na zilivyotumika. Shule ina akaunti mbili za mgao huo, moja ya vifaa vya kufundishia na nyingine ya matumizi ya jumla, na mshahara wa mlinzi hutoka ile ya pili. Vitabu vya kiada siku hizi serikali hununua yenyewe na kuvileta shuleni, kwa hivyo mtu akikuambia mgao umeisha kwa vitabu hivyo, mwombe akuonyeshe ni vipi.

Mkinyimwa majibu, andikeni barua ya kuomba habari mkitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma yatakiwa ijibu ndani ya siku 21. Wekeni nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo hamna pa kuanzia kuhesabu siku.

Choo cha chekechea kimeporomoka. Mwakilishi wadi asema ni kazi ya wizara, mwalimu mkuu asema ni ya kaunti, ofisi ya mbunge yasema haiwezi. Tumshike nani? (Matondoni)

Mshikeni mwakilishi wadi, na safari hii mwalimu mkuu yuko sahihi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa kaunti mambo manne ya elimu: masomo ya awali, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya ufundi wa nyumbani na vituo vya malezi ya watoto. Chekechea, walimu wake, madarasa yake na choo chake ni mzigo wa serikali ya kaunti, hata kama vimo ndani ya ua mmoja na shule ya msingi. Ofisi ya mbunge nayo haikuwadanganya. Hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, chini ya sheria yake ya 2015, ni ya kazi za Serikali Kuu tu, kwa hivyo yaweza kujenga darasa la gredi ya 4 lakini si la chekechea.

Kosa tuonalo mara nyingi ni kupeleka ombi moja lenye mambo yote: choo cha chekechea, dawati za gredi ya 5, mwalimu wa hisabati. Barua kama hiyo hulala, kwa sababu kila ofisi huona sehemu isiyo yake. Itenganisheni. Choo: idara ya elimu ya kaunti, nakala kwa mwakilishi wadi, na picha na idadi ya watoto. Iingizeni pia katika mikutano ya wananchi ya kupanga bajeti, kwa maana kitu kisichomo katika bajeti hakijengwi hata waziri wa kaunti akiapa. Mwalimu: Tume ya Huduma kwa Walimu, kupitia ofisi yake ya kaunti ndogo. Mgao na usimamizi: afisa wa elimu wa kaunti ndogo, ambaye ni wa wizara.

Sijasikia mkutano wa bodi ya shule tangu mwaka jana. Nasikia mwenyekiti na mwalimu mkuu hukaa wawili wakaandika kumbukumbu. Bodi hasa ni akina nani? (Witu)

Bodi halali ina watu 13: sita waliochaguliwa na wazazi, mmoja wa Bodi ya Elimu ya Kaunti, mmoja aliyechaguliwa na walimu, watatu wa mfadhili wa shule, mmoja wa makundi maalumu katika jamii, na mmoja wa watu wenye mahitaji maalumu. Mwakilishi wa baraza la wanafunzi huhudhuria, na chama cha wazazi huleta mwenyekiti wake na wajumbe wawili. Mwalimu mkuu ni katibu, si mwenyekiti. Bodi yatakiwa ikutane angalau mara moja kila miezi minne.

Watu wawili si bodi, na kumbukumbu zao si kumbukumbu. Tatizo halisi ni kwamba katika shule ndogo wazazi hawaji siku ya uchaguzi. Wanakuja 11, wanaitwa majina yale yale, wanapigiwa makofi, basi. Wale sita wa wazazi ndio kundi kubwa kuliko yote katika bodi. Wakiwa macho hakuna matumizi yatakayopita gizani. Anzeni na chama cha wazazi, ambapo kila darasa lina mjumbe wake, kisha mwandikieni afisa wa elimu wa kaunti ndogo mkitaka orodha ya wanachama walioteuliwa na tarehe ya uteuzi wao. Jina lisilo na barua ya uteuzi halina kura. Na mjumbe akishaingia, asitie sahihi matumizi ambayo hakuona vocha na risiti zake. Mkaguzi akija, huuliza kitabu cha fedha, vocha, na rejista ya vifaa stoo. Hakuna atakayeuliza nia njema ya mtu.

Shule yetu ya sekondari ilikuwa ya mwisho miongoni mwa jirani, mwaka mmoja kabla ilikuwa juu. Walimu wamelegea? (Siyu)

Labda, ila matokeo hayo peke yake hayawezi kukuambia. Chukua shule yenye watahiniwa 12 wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Alama zapimwa kwa pointi 1 hadi 12. Mtahiniwa mmoja tu akipata A- ya pointi 11 badala ya D ya pointi 3, wastani wa shule nzima hupanda kwa pointi 0.67. Kwa watahiniwa 200, mtoto huyo huyo huusogeza wastani kwa 0.04. Shule ndogo hupanda na kushuka kama mashua tupu, na wazazi humsifu au kumfukuza mwalimu mkuu kwa upepo wa mwaka mmoja.

Angalia miaka mitatu kwa pamoja. Kisha uliza maswali ambayo hayamo katika orodha za matokeo: wangapi walianza Kidato cha Kwanza, na wangapi wakafanya mtihani? Walioanza 20 wakabaki 12, hao wanane ndio habari kubwa, na wastani mzuri waweza kuwa umewaficha. Siku za kusi watoto wangapi hawavuki?

Kwa sekondari ya chini, gredi ya 7 hadi 9, kuna jambo la kukagua mapema. Matokeo ya KJSEA, tathmini ya kumaliza sekondari ya chini iliyofanywa mara ya kwanza 2025, hujumlishwa hivi: asilimia 60 kutoka mtihani wa gredi ya 9, asilimia 20 kutoka KPSEA, tathmini ya kumaliza shule ya msingi katika gredi ya 6, na asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni za gredi ya 7 na 8. Hizo za shuleni hupakiwa na shule yenyewe katika mfumo wa Baraza la Mitihani. Intaneti ikikatika, au mwalimu akihamishwa kabla ya kuzipakia, mtoto hubeba pengo ambalo hakulifanya yeye. Mzazi wa gredi ya 7 aombe kuonyeshwa kwamba alama zimeingia, mwaka huo huo. Na mgao wa gredi hizi ni mwingine, shilingi 15,042 kwa kila mwanafunzi. Una akaunti zake, wala haufai kuziba pengo la shule ya msingi iliyo ua mmoja nayo.

Mjukuu wangu alisoma wadi ya Basuba kabla ya shule kufungwa. Hana cheti cha kuzaliwa. Shule mpya yamfundisha lakini yasema "hayumo". (Hindi)

Bibi, "hayumo" maana yake hayumo katika mfumo wa usajili wa wizara, kwa hivyo mgao wake hauji na shule yamlea kwa pesa za wenzake. Shule kadhaa za Basuba zilifungwa kwa miaka kwa sababu ya usalama, na wenye shida kama yake si wachache. Anza kwa chifu upate barua, uende nayo ofisi ya usajili wa vizazi na vifo Lamu uombe usajili wa kuchelewa. Beba kitambulisho cha mzazi na kadi ya kliniki ikiwapo. Cheti kikitoka, mpe mwalimu mkuu amwingize. Ikiwa jina lake bado limeshikwa na shule ya zamani iliyofungwa, ni afisa wa elimu wa kaunti ndogo wa kumwendea. Mpelekee namba ya cheti na jina la shule ile, kwa maandishi. Wakati huo wote mjukuu aendelee kukaa darasani. Kukosa cheti si sababu ya kumtoa.