Asiyeshika alama hupendwa upesi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama mwalimu anaweza kuwa rafiki wa mwanafunzi wake. Anaweza, na kazi inakuwa nyepesi zaidi akiwa hashiki alama zake. Hayo niliyaona China, nilipokuwa nasoma shahada ya pili Wuhan. Jirani yangu kwenye ghorofa alikuwa kijana wa Afrika Kusini aliyeajiriwa kufundisha Kiingereza katika sekondari ya karibu. (Sisi wa Afrika Mashariki, hata tukikimudu Kiingereza vipi, kibali cha kazi hiyo ni taabu kukipata; kwa kawaida kinataka pasipoti ya nchi wanazozihesabu kuwa za wenye lugha.)

Mgeni kama yeye hupewa kipindi cha mazungumzo tu: kila darasa mara moja kwa wiki, watoto wamejaa hadi ukutani. Mtihani wa kuingia chuo kikuu, gaokao, kwa kawaida huanza tarehe 7 Juni, na Kiingereza kina alama 150 kati ya 750. Lakini alama hizo hutafutwa kwenye karatasi. Majimbo mengi hayajumlishi kuzungumza. Kwa hiyo jirani yangu alipoingia darasani hakuna aliyetetemeka. Watoto walijichagulia majina ya Kiingereza, akawa na Apple wawili na mvulana aliyejiita Monday. Aliwauliza wanapenda nini, wanaota nini usiku, wakajibu kwa sarufi mbovu na hakuna aliyepoteza chochote.

Upendo wao hauna maneno mengi. Alipougua mafua majira ya baridi, wanafunzi watatu walikuja na chupa ya maji ya moto na pakiti za banlangen, dawa ya mitishamba ya chengachenga inayokorogwa kwenye kikombe. Wakasimama pale mpaka amalize kunywa. Kisha wakamhoji, bila aibu hata kidogo, kama amevaa suruali ya ndani ya kuzuia baridi. Hakuwa ameivaa. Aligombezwa kama mtoto, na mimi niliyekuwa nimekaa pembeni nikaulizwa swali lilelile.

Walipofika mwaka wa mwisho kipindi chake kilifutwa ili wapate muda wa mazoezi ya mtihani, lakini waliendelea kumgongea mlango.

Sasa mtazameni banzhuren, yaani mwalimu wa darasa. Huyu wa kwao alikuwa mama wa makamo. Asubuhi yuko nao, na usiku kwenye prepu yuko nao hadi kwenye saa nne. Yeye ndiye anayenyang'anya simu, anayewapigia wazazi, anayetangaza nani ameshuka. Urafiki ataupatia wapi? Kwa maoni yangu mgeni alikuwa akila uhondo ambao gharama yake aliilipa mwenzake, na uhondo wenyewe hauna mizizi. Mikataba mingi ni ya mwaka mmoja mmoja. Waliokuwa wakifundisha watoto wa China kwa mtandao wakiwa nchi za nje waliona zaidi: Julai 2021 serikali ilikataza kampuni za masomo ya ziada kuajiri walimu walioko nje ya nchi, na watoto waliozoeana nao kwenye skrini wakawapotea.

Matokeo yalipotoka, darasa liliandaa karamu ya kuwashukuru walimu, kama ilivyo desturi, na jirani yangu akaalikwa. Kila mtu alitaka kupiga naye picha, bakuli lake likajazwa samaki hata akaomba msamaha. Ila kiti kinachotazama mlango, ambacho ndicho cha heshima, alikalishwa yule mama. Glasi zilipoinuliwa, Monday alimwendea yeye kwanza, akashindwa kumaliza hotuba yake kwa kilio. Jirani alinisimulia haya akicheka, akasema yeye mwaka mzima hakuna mtoto aliyewahi kumlilia.